Ndagala wa Mwezi wa Saba

Sephora alikuwa na udaktari wa samaki, na mtaa wa Ngagara haukumwelewa hata kidogo. Majirani walimletea watoto wenye homa. Akiwaambia yeye ni daktari wa ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, walimjibu kwamba mtoto naye ni mdogo, amwangalie tu. Kazi hakuwa nayo. Mara kumi na tisa alikuwa ameomba post-doc, zile kazi za utafiti wanazopewa waliokwisha kupata udaktari, na mara kumi na tisa akakataliwa kwa adabu kubwa.

Ya ishirini wakamwita kwenye mahojiano. Safari hii alikuwa na kitu cha kuonyesha: mwaka mzima alinunua ndagala sokoni, kila mwezi mfuko wake, akaihifadhi yote kumi na miwili katika friji ya shangazi yake, Esperance.

Asubuhi ya mahojiano akaihesabu. Ilikuwa kumi na mmoja.

"Shangazi, mufuko ya mwezi wa saba iko wapi?"

"Jana wageni walifika, mi ningewapa nini? Nilipika na mboga ya lengalenga. Walisifu sana!"

"Lakini niliandika lebo juu yake!"

Shangazi akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Hapo Sephora akakumbuka, na haya zikamjaa. Mwanamke huyu aliuza ndagala miaka thelathini ili yeye asome, na mwenyewe kusoma hajui. Tena zile lebo, tusifichane, zilikuwa za Kilatini.

Kaka yake Landry alikuwa na dawa tayari. "Nunua nusu kilo sokoni, andika mwezi wa saba. Nani ataomba ndagala kitambulisho?"

Ushauri ulikuwa mtamu, na Sephora aliutafuna mpaka saa nane, maprofesa watatu walipojitokeza kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa kuwagawia wauzaji wa kando ya ziwa mifuko, wakusanye samaki wenyewe. Wakamwuliza: kasoro ya utafiti wako ni ipi?

"Mwezi wa saba umeliwa," akasema, akawaeleza yote. "Kosa si la shangazi. Niliandika kwa ajili ya watu wa maabara, nikamsahau mwenye friji. Na wauzaji wenu wengi ni kama yeye."

Profesa mmoja alicheka hadi akavua miwani. Mwingine aliinama akaandika kwa muda mrefu.

Kazi akaipata. Siku barua ilipofika alimpa shangazi kalamu nene, akamwomba achore alama ambayo muuzaji yeyote angeielewa. Esperance akaishika kalamu kama mwiko, akachora sufuria, kisha akaipiga msalaba.

"Sasa hata mi sitapika."

Alama hiyo ndiyo iliyo kwenye mifuko yote leo. Katika ripoti ya kwanza, jina la aliyeibuni liliandikwa ukurasa wa mbele. Sephora alimwonyesha shangazi kwa kidole mahali lilipo, na shangazi akaomba aonyeshwe tena.