Mabula, Gavana Wetu

Hadi leo pikipiki ya zamani ikipita na ule mlio wa kukohoa, mimi hugeuka kutazama barabarani. Mlio kama huo ndio uliotuletea habari za Mabula pale kwa bibi yangu, Usagara karibu na Mwanza, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa minadani na kila mwenye baiskeli akajiita mfanyabiashara wa samaki.

Mabula alikuwa Mmarekani. Kabla sijazaliwa alikuja kufundisha shule yetu, akapewa chumba cha nyuma kwa bibi. Aliingia siku ya mvua kubwa, viatu mkononi, ndipo bibi akamwita Mabula, jina wanalopewa Wasukuma waliozaliwa mvua ikinyesha. Alikaa miaka miwili. Alijifunza kuchunga ng'ombe na kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ila kuku akichinjwa alikimbilia nyuma ya zizi. Bibi hakuweza kulisimulia hilo bila kujifuta machozi ya kicheko.

Aliporudi kwao alisomea sheria. Kila hatua yake ilitufikia kwa picha, na bibi alizibandika ukutani kwa uji wa muhogo: Mabula mwenye nywele ndefu, Mabula mwenye tai, Mabula mbunge wa jimbo lake, Mabula aliyeshindwa uchaguzi akakonda, kisha Mabula gavana, mkono juu. Bibi, aliyewakumbuka magavana wa Mwingereza, aliuliza mbona hana kofia ya manyoya. Padri wetu, Mmarekani mzaliwa wa jimbo hilohilo, akatueleza kwamba gavana wa kwao ni kama mkuu wa mkoa, tofauti ni kwamba anapigiwa kura. Basi nikajivuna shuleni mpaka nikachukiza.

Siku moja padri alikuja na pikipiki yake, bila utani wake wa kawaida. Alisema kuna mtu gerezani huko kwao, alimuua mwenye duka, na amehukumiwa kufa. Karatasi iko mezani kwa Mabula. Akitia sahihi, mtu atauawa Ijumaa. Akikataa, atabaki kifungoni maisha.

Bibi aliacha kupepeta.

"Huyo mtu ana mama?"

"Anaye, Mama. Yuko hai."

"Basi mwambie Mabula, mama yake wa Usagara amesema asimuue. Afungwe hukohuko mpaka azeeke."

"Mama, watu wengi kule wanataka afe. Mabula akimwacha, uchaguzi ujao hapati kura."

"Si arudi afundishe? Chumba kipo."

Padri akaenda Mwanza mjini kupiga simu, nasi tukabaki kusubiri. Wiki ile hatukuwa watu. Bibi alitia mboga chumvi mara mbili, akashika rozari huku ugali ukiungua. Mimi kila nikisikia injini nilikimbilia barabarani, nikarudi na vumbi tupu. Niliogopa sana, na sikujua namwogopea nani: yule mfungwa, Mabula, au bibi.

Jumamosi padri alizima pikipiki mbali, akaja akiisukuma. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina. Ametia?"

"Ametia, Mama."

"Maneno yangu yalimfikia?"

"Niliongea naye mwenyewe. Alisema nikusalimie sana."

Bibi hakulia. Alitandika mkeka sebuleni, akajifunga kanga kichwani kama mfiwa, akakaa chini. Majirani walipomwona hivyo wakaanza kumiminika na unga na kuni, wakimlilia Mabula. Ikabidi nisimame mlangoni niwaambie Mabula ni mzima wa afya.

"Sasa nani kafa?" wakauliza.

Aibu ilinipanda, hasira nazo hazikuwa mbali. Nikamwendea bibi, nikamwambia kwa sauti ambayo siku nyingine ingeniletea kofi, "Bibi, huyo mtu hata hatumjui!"

"Mwanangu ameua," akasema. "Ulitaka nani akae msibani?"

Akina mama wakatazamana. Kisha mmoja wao akavua ndala, akaketi mkekani, na wengine wakamfuata.

Nilitegemea bibi atabandua zile picha, lakini hakuzigusa. Mabula alishinda tena uchaguzi, na kadi zake za Krismasi ziliendelea kuja. Mimi ndiye niliyeandika majibu. Bibi alimsalimia, akamweleza habari za mvua na ng'ombe, kisha kila mwaka akamalizia na swali lilelile: mama wa yule mtu anaendeleaje? Mabula alijibu mengine yote, hata alama zangu za hesabu aliziulizia. Swali hilo hakuligusa. Nilimsihi bibi aliache, maana niliona anamsumbua mtu mkubwa kwa jambo lililokwisha. Alikuwa akiniambia niandike tu.

Bibi alishafariki, na mimi sasa nina mwanangu wa kiume. Kuna siku nikimwangalia namfikiria yule mama wa mbali. Bibi hakuwa na namna yoyote ya kumfikia. Katika familia yetu nzima, aliyeishi karibu naye alikuwa Mabula peke yake. Miaka yote ile nilidhani bibi anamsuta. Alikuwa anamtuma akamjulie hali.