Gona na Ubatizo wa Maji Kupwa

Gona sikumpenda tangu siku aliyomuoa jirani yangu Sidi, na kufa kwake hakukunibadilisha nia. Watu husema maiti hasemwi vibaya. Mimi namsema, maana alipokuwa hai nilimsema pia, tena mbele ya macho yake.

Alikuwa mgema wetu hapa Msabaha. Kazi ya mikono aliijua, siwezi kumdhulumu. Mnazi aliupanda kama mtu anayepanda kitandani kwake, na tembo lake lilisifiwa mpaka Malindi mjini. Lakini kichwani, lo! Ukimwambia neno asubuhi analishika, jioni akija mwingine na lake, la asubuhi analitupa. Bendera hufuata upepo, na Gona hata upepo wa kupepea jiko ulimtosha.

Alizaliwa kwetu, Uanglikana. Kasisi alimbatiza angali mtoto wa mgongoni, akamwagiwa maji kichwani, akalia, yakaisha. Alipokua akampenda Sidi. Babake Sidi alikuwa katekista wa misheni ya Wakatoliki, mzee wa rozari mkononi kutwa kucha, naye akasema binti yake haolewi nje ya Kanisa lao. Basi Gona akahama kesho yake. Hakuuliza hata tofauti ni ipi. Angeniuliza mimi ningemwambia: Biblia ni ile, mkate na divai ni ile ile, ila wenzetu wana Papa, wana Bikira Maria wa kumwimbia, na padre wao hana mke lakini ndoa anazijua kuliko sisi tulioolewa.

Kule misheni alitaka abatizwe upya. Alishanunua shati jeupe na kualika watu. Padre, Mtaliano mmoja mwenye ndevu aliyesema Kiswahili kwa pua, akamkatalia.

"Wewe umeshabatizwa, mwanangu," akamwambia. "Maji ni maji, na jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu ni lile lile kwao na kwetu. Ubatizo ni mara moja. Nitakupa Kipaimara, kisha nitawafungisha ndoa."

Gona alinuna kama mtoto aliyenyimwa haluwa. Shati alilivaa siku ya harusi, lakini kinyongo hakikumtoka. Kila akilewa alisema Wakatoliki walimpunja.

Wakakaa na Sidi miaka na miaka. Sidi ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Alimzalia watoto wanne, akalima, akafagia kanisa kila Jumamosi, na kila Jumapili akapokea Komunyo huku mumewe amelala na harufu ya tembo. Kitu kimoja tu alijivunia duniani: kwamba yeye ni mke wa ndoa, aliyeolewa madhabahuni kwa padre na kengele. Wanawake wengi hapa kwetu waliolewa kwa mahari tu, na Sidi hakuwasimanga hata mara moja, lakini mwenye macho aliona jinsi alivyoishika ile pete ya ndoa.

Basi mwaka wa njaa ile ya themanini na nne akatuzukia mchungaji Gitau. Alitoka bara, akauza mitumba sokoni Malindi, kisha akaota kwamba Mungu amemtuma kwetu. Akajenga banda la makuti, akafunga spika, na hapo usingizi ukatuhama. Sisemi walokole wote ni wabaya. Dada yangu mwenyewe ameokoka na ni mtu wa heshima. Lakini Gitau! Huyo alikuwa na sauti kubwa na akili ya kuazima. Alihubiri kwamba Wakatoliki wanaabudu masanamu, kwamba sisi Waanglikana ni vuguvugu tutakaotapikwa, na kwamba kumwagia mtoto maji kichwani si ubatizo, ni kumlowesha tu. Mtu lazima azamishwe mwili mzima, asibaki hata unyayo.

Gona kusikia kuna ubatizo mwingine, masikio yakamsimama. Na kwenye kwaya ya Gitau alikuwepo msichana mmoja, Easter, mpiga matari, mweupe wa meno. Sasa mimi sikusema alifuata nini. Nasema alikuwepo.

Siku ya ubatizo tulikwenda Malindi kutazama, nusu ya kijiji. Gitau, mtu wa milimani, alichagua siku na saa bila ya kumuuliza yeyote. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa mno na kupwa mno, na maji yamekupwa. Tulipofika ufuoni bahari iko kule, mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu. Wavuvi wakamwambia asubiri maji yajae. Akasema kazi ya Bwana haisubiri mawimbi. Wakatembea, wakatembea, matari yanalia, na Wazungu wa hoteli wanapiga picha, na walipochoka kutembea maji yalikuwa yamefika kwenye muundi wa mguu tu. Ikabidi Gona alazwe chali kama samaki wa kuparwa. Gitau akamkandamiza kifua, tumbo likaibuka. Akakandamiza tumbo, magoti yakaibuka. Mvuvi mmoja akapiga kelele, "Mkalieni!" Mpaka leo nakuambia, tumbo la Gona halikubatizwa.

Akatoka anatema mchanga, analia kwa furaha. Gitau akamshika mkono akautangazia umma kwa ile spika yake: "Gona wa zamani amekufa! Amezikwa humu majini! Asidaiwe tena, asihesabiwe tena lolote la zamani! Huyu ni kiumbe kipya!"

Tungecheka tukarudi makwetu, yangekuwa yamekwisha. Lakini Jumapili iliyofuata Gona akasimama bandani, spika imeelekea nyumbani kwake, akatoa ushuhuda. Kwamba kwa kuwa ubatizo wake wa utotoni haukuwa ubatizo, na ndoa ya kwa padre haikuwa ndoa. Alikuwa gizani, akiishi na mwanamke tu. Kwamba anaacha ugema, minazi yote ya tembo ni ya mtu wa kale, haitaki. Na kwamba Bwana amemwonyesha mwenzi wa kweli, naye ni dada Easter. Gitau akaitikia amina.

Sidi alikuwa anapepeta mahindi uani. Mimi nilikuwa naye. Ungo ukamponyoka.

"Zipporah," akaniambia, "umesikia? Mimi ni kimada. Wanangu ni wa haramu."

Nilitaka kwenda kuipasua ile spika kwa jiwe. Sidi akanizuia. Akajifunga leso, tukaenda kwa padre, kwa miguu, jua la utosi. Padre akatusikiliza huku anakuna ndevu.

"Hakuna mtu anayeweza kuifungua ndoa ile," akasema. "Si Gona, si Gitau, wala mimi. Ubatizo wake wa kwanza ulikuwa wa kweli na ulitosha. Wewe ni mke wake mpaka kifo."

"Basi mimi ni mke," Sidi akasema, na damu ikamrudia usoni.

Mimi sikuvumilia. "Baba, samahani, mimi si muumini wako. Mwanamume ameshahamia kwa Easter. Huyu naye hawezi kuolewa kwingine?"

"Hawezi, mume angali hai."

"Kwa hiyo yule wa kule amefunguliwa kwa kelele, na huyu wa kwenu amefungwa kwa kengele. Heko!" Nikatoka nje nikamwacha na ndevu zake. Hajaoa wala hajauguza mke, anagawa ndoa kama anagawa picha za watakatifu.

Tulipofika kwa Sidi, akachukua wembe, akaniambia nimnyoe. Nikadhani amepata wazimu.

"Wametangaza wenyewe kwamba mume wangu amekufa na kuzikwa," akasema. "Minazi ameiacha, nyumba ameiacha, watoto amewaacha. Sasa mbona hakuna aliyemlilia? Mtu hafi kama kuku. Ninyoe."

Nikamnyoa, kama anyolewavyo mjane. Akafunga kaniki nyeusi, akatandika jamvi mlangoni, akapiga ukemi wa msiba. Wanawake wakaja mbio, wakauliza nani, wakaambiwa. Mwanzo walishika vinywa. Kisha bibi mmoja akaangua kilio, na wengine wakadakia, na jioni nduguze Gona wakaja na tembo, maana matanga bila tembo kwetu si matanga. Wazee wakakaa, wakaamua pale pale mbele ya watu: minazi ya marehemu ni ya watoto wake, chini ya mama yao.

Siku ya pili Gona akaja mwenyewe, koti la kuazima, Biblia kwapani, amekasirika. Nikampokea mimi.

"Karibu, bwana. Poleni na msiba. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Ondoka hapa, Zipporah! Mimi ni Gona!"

"Gona gani? Gona amezikwa baharini. Mchungaji wake katutangazia kwa spika."

Wanawake wakaongeza kilio. Sidi hakuinua hata kichwa. Gona akageuka huku na huku, akatafuta mtu wa kumtetea, akakuta nduguze mwenyewe wanamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Akaondoka, na tukamkatia kipande cha muhogo cha njiani, kama afanyiwavyo kila aliyekuja kutoa rambirambi.

Nyumba ya Easter haikudumu. Gona alikuwa na kiu, na wokovu wa Gitau haukuwa na tembo. Akaanza kutoroka alfajiri kugema mnazi wa mtu, na siku moja, kwa sababu ya haraka ya mwizi, akaanguka. Nyonga ikavunjika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Easter akanusa kinywa chake, akasema hawezi kukaa na mrudi nyuma, akachukua matari yake. Gitau akamwombea akiwa mbali. Hospitali ikamtoa na magongo, hana pa kwenda.

Basi akaletwa kwa mkokoteni mpaka uani kwa Sidi. Na mtu huyo, hana haya wala haoni vibaya, unajua alisema nini?

"Sidi, mke wangu. Ndoa haivunjiki. Padre mwenyewe alikuambia."

Nilitema mate chini. Maskini Sidi alikuwa amenaswa. Akimfukuza, amekubali kwamba hakuwa mke, na neno la kimada linarudi juu yake na wanawe. Akimpokea, ndiyo amuuguze, ndiyo amsafishe, maisha yake yote yaliyobaki. Nikamnong'oneza, "Mwache afe huko." Akatikisa kichwa.

Akaenda akasimama mbele ya mkokoteni. Watu walishajaa.

"Sema kwa sauti," akamwambia. "Ulibatizwa lini?"

Gona akaangalia chini. "Utotoni. Kwa kasisi."

"Na kule Malindi ulikwenda kufanya nini?"

Gona akajifanya anafukuza nzi.

"Gona, nakuuliza mbele ya wanao. Baharini ulikwenda kufanya nini?"

"Nilikwenda kuoga," akasema.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikasema hata kuoga hakuoga sawasawa. Sidi peke yake hakucheka. Akawaambia wanawe wamwingize baba yao ndani, wampe uji.

Alimuuguza kwa muda mrefu, na sikuwahi kusikia akimkaripia. Gona akatubu kwa padre, akaanza kupelekwa misa kwa mkokoteni ule ule, akawa anaimba kuliko wote, mnafiki mkubwa. Usiku mmoja alizidiwa, nikaitwa. Akamshika Sidi mkono.

"Nikifa utanililia, mke wangu?"

"Nilishakulilia," Sidi akamjibu, anamfunika shuka. "Nilinyolewa, nikakaa jamvini, nikayamaliza yote. Matanga ni kama ubatizo, Gona. Ni mara moja."

Akafa kabla ya Pasaka. Sidi alitupikia wali, akahudumia wageni wote, na nywele zake hakuzigusa.