Chupa ya Samli na Mwaka wa Mtoto

Mimi sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani kwetu Musoma wameniona mara nyingi nikitoka mlango wa nyuma wa baa nimekumbatia chupa, na wamefanya hesabu zao. Mume wangu hunitetea kwa namna yake. Huwaambia, "Mke wangu haonji, ananusa tu." Nilikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari kwa miaka mingi, na nilipostaafu mikono ilibaki na hamu ya kushika vioo. Wenzangu wakafuga kuku. Mimi nikaanza kukusanya chupa kuukuu za pombe kali, na katika hizo nikazipenda zaidi za wiski ya mahindi ya Kimarekani, ile wenyewe wanayoiita bourbon.

Watu huniuliza chupa za Kimarekani zilifikaje mkoani Mara. Zilifika na watu. Mapadri waliotoka kule waliletewa na ndugu zao wakati wa sikukuu, wageni wa huku na kule walikuja nazo kwenye mizigo, na zilipokuwa tupu hazikutupwa, maana nani huku angetupa chupa nzima yenye kizibo chake? Zikaingia majikoni. Nimeikuta moja ina mafuta ya taa kwenye kambi ya wavuvi Rukuba, nyingine ina asali Bunda, na nyingine Kiabakari ikiwa na dawa ya macho ya ng'ombe, ambayo mwenyewe alikataa kuimimina mpaka nimletee chupa ya soda. Zile za zamani zina maandishi yaliyoinuka begani, yaliyotoka na kioo chenyewe kiwandani, yanayosema kwamba sheria ya Marekani inakataza kuuza au kutumia tena chupa hii. Nikiyasoma hucheka peke yangu. Kina mama wa mkoa mzima wameivunja sheria hiyo zaidi ya nusu karne na hakuna askari aliyekuja.

Maandishi hayo ndiyo msaada wa kwanza wa mkusanyaji. Yaliwekwa kuanzia miaka ya thelathini mpaka katikati ya miaka ya sitini, kisha yakaachwa. Kwa hiyo napapasa bega kwanza, halafu nageuza kitako, ambako kuna alama ya kiwanda, namba zake, na mara nyingi tarakimu mbili za mwaka ambao kioo kilimiminwa. Karatasi za ushuru zilizobandikwa juu ya kizibo zingesema mengi zaidi, lakini karatasi huku haivumilii masizi wala panya. Katika mambo haya mimi ni mkali. Tuna kundi letu la simu, wakusanyaji wa nchi mbalimbali, na humo nimegombana na mtu nisiyewahi kumwona kwa sababu alisoma tatu mahali palipokuwa na nane. Mtu akiniambia "labda" nachefuka. Naona chupa ina mwaka au haina, na kama haina tuseme haina.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Butiama. Jina langu ni la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mama, na ananidekea na kunigombeza kwa zamu kama mtoto aliyeharibiwa na mama yake. Kazi yangu ya chupa aliidharau wazi. "Mama," alikuwa akisema, "watu wenye akili wanakusanyaga ng'ombe." Ndiyo maana nilishangaa mwaka jana aliponipigia simu na kusema nije na ile miwani yangu ya kusomea chupa.

Nilikuta wanawe wanajengea makaburi ya pale nyumbani, wanayamwagia saruji na kuandika majina, ili padri ayakute tayari siku ya kuwaombea marehemu, mwanzoni mwa Novemba. La mume wake lilikuwa limekwisha. Ya wakwe zake pia. Lilibaki moja dogo kando ya ua wa minyaa, la mtoto wake wa kwanza, binti aliyeishi miezi minne. Jina la mtoto alikuwa nalo. Mwaka hakuwa nao. Binti yule alibatizwa na bibi yake jikoni, kwa maji ya kikombe, usiku alipozidiwa, na hakuna kitabu cha kanisa kilichomwandika. Shangazi wakati huo hakujua kusoma. Alichokumbuka ni kwamba alijifungua wakati wa palizi ya mtama na kwamba siku hiyo ilinyesha.

"Wote wana mwaka," aliniambia. "Hata mama mkwe wangu, na ukali wake ule, ana mwaka. Huyu wangu watu watafikiri ni jiwe tu limewekwa hapo."

Akaingia chumbani, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa chupa ya wiski ya Kimarekani, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa.

Habari za chupa hiyo nilizijua tangu utotoni, ingawa sikuwahi kuruhusiwa kuishika. Mume wa shangazi alikuwa mpishi wa padri mmoja wa Kimarekani kwenye misheni ya Nyegina, akirudi nyumbani kwa baiskeli kila mwisho wa juma. Binti alipozaliwa, alirudi na chupa tupu kutoka jiko la padri. Mama yake akaijaza samli, na kwa samli hiyo mtoto akawa anapakwa mwili mzima asubuhi na jioni. Mtoto alipofariki, kilichobaki cha kumshika ni hiyo chupa. Nguo alizikwa nazo, na picha hakupigwa. Wadogo zake sita waliofuata wote walipakwa samli ya humo, na shangazi hakuwahi kukubali iwekewe kitu kingine.

"Ukinisomea mwaka wa chupa," akasema, "umenisomea mwaka wa mtoto."

Nikamweleza kwamba kitako kinataja mwaka wa kioo, si mwaka ambao padri alimaliza kilichomo. Akanijibu kwamba padri yule hakuwaga mchoyo kwa nafsi yake, kwa hiyo tuhesabu mwaka mmoja tu. Nikacheka, nikavaa miwani, nikapapasa bega la chupa. Lilikuwa laini.

"Hapo palikuwaga na maandishi," shangazi akasema, akiona kidole changu. "Nilikuwa napapasaga nikinyonyesha, sijui hata yanasema nini. Sasa yamelika. Si unajua naiosha miaka mingi."

Maandishi ya kioo hayaliki kwa kuoshwa. Mkono wa mama na majivu ya jikoni haviwezi kuyafuta hata katika miaka mia. Nikageuza kitako, nikasoma tarakimu mbili zilizo wazi kabisa, nikaomba kuona kadi ya ubatizo ya mtoto wake wa pili. Huyu ni binamu ninayemwita kaka, mkulima wa pamba wa Bunda, na alikuwa amekuja kusimamia ujenzi. Kadi yake anayo mpaka leo, imekunjwa mara nne. Nikalinganisha mara mbili, kisha mara ya tatu nje kwenye mwanga. Chupa ilimiminwa miaka mitatu baada ya kaka yangu kubatizwa. Huko Marekani kwenyewe chupa hii ilikuwa haijatengenezwa wakati binti anapakwa samli.

Nikarudi ndani, nikamuuliza shangazi kama aliwahi kuiacha chupa hii na mtu.

"Mara moja," akasema, na uso wake ukachangamka. "Nilipoenda kwetu kujifungua huyu wa tatu. Nilikaa huko mwezi mzima. Kurudi, nakuta mume wangu ameiosha mwenyewe, ameijaza samli mpya, ameiweka mezani juu ya kitambaa. Mwanaume wa huku, mama, anaosha chupa. Nilitembea na hiyo habari kisimani mpaka wanawake wakanichoka."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusoma mwaka wowote nilioutaka, maana pale hakuna mwingine aliyejua kusoma kitako cha chupa. Lakini mimi ndiye yule mtu wa tatu na nane. Nikamwambia kama ninavyowaambia watu kwenye simu: chupa hii siyo yenyewe, ile ya kwanza ilivunjika, hii imeletwa mahali pake. Nikamwonyesha bega, nikamwonyesha kitako, nikamsomea kadi. Nilipoinua macho alikuwa ameshaichukua na anaifunga upya kwenye kitambaa, polepole, ncha kwa ncha.

"Wahi gari la Musoma," akasema. "Kunakuchwa."

Hakupokea simu yangu kwa wiki mbili. Nilikuwa nampigia asubuhi na jioni, na kaka yangu akipokea ananiambia mama amelala, hata saa nne asubuhi. Chupa zangu kabatini sikuzigusa. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, kwa sababu ni kweli nilikuwa naumwa. Nampenda yule mama kuliko kitu chochote nilichowahi kukusanya, na nilikuwa nimeingia kwake na miwani yangu na kumnyang'anya mtoto kwa mara ya pili. Usahihi wangu, ambao nilijivunia maisha yote, ndio uliofanya kazi hiyo.

Siku mbili kabla ya padri kuja, akapiga mwenyewe. "Fundi yuko kwa mtoto," akasema. "Njoo."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na ua, na fundi anasawazisha saruji juu ya kaburi dogo. Chupa ilikuwa mapajani mwake, haina kitambaa. Nikapiga magoti kumwamkia, nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha.

"Nimemkasirikia marehemu wiki mbili," akasema. "Nimeenda pale kaburini kwake, nimemsemea yote. Hana pa kukimbilia. Nikamwambia, miaka yote hii unaniangalia nakumbatia chupa ya huyu wa tatu, na wewe unakula ugali."

"Shangazi, pengine aliogopa."

"Aliogopa nini? Angeniambia imevunjika ningelia siku moja. Hiyo siku moja ndiyo alishindwa kuiona." Akaigeuza chupa mkononi. "Unajua alikuwaga mtu wa aibu. Hajui kuomba hata chumvi kwa jirani. Sasa nikamwona anaendesha baiskeli mpaka Nyegina, anaingia kwa padri, anasema baba naomba chupa, iwe ya namna ile ile. Mimi nikicheka kisimani kwamba mume wangu ameosha chupa, yeye yuko nyumbani ana hofu nitapapasa."

"Na ulipapasa."

"Nilipapasa. Vidole viliniambiaga mapema. Mimi ndiyo nikavikatalia."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya marehemu yule ilikwenda zaidi ya miaka hamsini, na nilipomwambia hivyo shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga, na hakuacha kuyafuta mara moja.

Fundi akasema saruji inaanza kushika, tumpe maandishi. Jina alikuwa ameshaliandika kwa msumari, herufi kubwa zilizonyooka. Mimi nilikuwa nimekuja na hesabu kwenye karatasi. Kwa kadi ya kaka, na kwa yale shangazi aliyokumbuka, binti alikuwa amezaliwa ama miaka miwili ama mitatu kabla ya mdogo wake. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu cha kushika. Baada ya msiba shangazi alikaa bila mimba mwaka mmoja, au miwili, hakujua; alisema alikuwa analia, hakuwa anahesabu. Nikapendekeza tuandike neno takriban, kisha mwaka.

"Takriban ni nini?"

"Ni kukadiria, shangazi. Ili tusiseme uongo."

"Ng'ombe ndiyo anakadiriwaga, mnadani," akasema. "Mtoto wangu hakadiriwi."

Fundi akageuza msumari kwenye vidole, akatazama saruji, akatutazama sisi. Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, kofia mkononi. Shangazi akaniomba nimtajie ile miaka miwili. Nikaitaja. Akairudia kwa sauti ndogo, wa kwanza, wa pili, tena wa kwanza.

"Andika huo wa kwanza," akasema. "Amzidi mdogo wake miaka mitatu. Awe dada mkubwa kweli."

Fundi akapiga goti. Lakini hakuandika, alimtazama shangazi, kisha akanigeukia mimi, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye msomi wa miaka. "Mama, una uhakika?" akaniuliza. "Hii ikikauka haifutiki."

Nilimwangalia shangazi. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia ncha ya msumari.

"Nina uhakika," nikasema.