Bibi wa Kitabu cha Bei

Ushirika ulipokufa pale Mohoro, wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori kufuata mpunga. Siku hizo mjomba wangu, aliyekuwa karani wa ushirika, aliokota kitabu ghalani. Kilikuwa kimesukumizwa chini ya mizani ili isiyumbe. Jalada lake la ngozi, Kiingereza chake cha kale, herufi ya s imeandikwa kama f. Mjomba alitusomea barazani, f zote kama zilivyo, kisha akafasiri: bei haipangwi na mkubwa yeyote, bei ni maelewano ya muuzaji na mnunuzi.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya mwandishi. Nywele za mawimbi mpaka mabegani, shingoni lesi.

"Kumbe mwanamke!" mama alisema. "Ndiyo maana ana akili."

"Dada, huyu ni mwanamume. Wazungu wa zamani walivaa nywele za bandia."

"Mwanamume avae nywele za bandia? Muogope Mungu, kaka."

Habari zikaenea. Mnunuzi alipofika na kutaka magunia yajazwe lumbesa, mpaka yaote kichuguu juu ya mdomo, wanawake walikalia mpunga wao.

"Bibi wa kitabu amekataa," mama alimwambia. "Amesema tuelewane kwanza."

"Bibi gani? Mleteni nizungumze naye."

Wakamletea kitabu. Aliitazama picha, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu bwana!"

Hapo mpunga ukasahaulika. Upande mmoja mnunuzi, dereva wake na mjomba. Upande wa pili wanawake wote wa Mohoro. Mimi, niliyekuwa nasoma sekondari Kibiti, niliitwa niamue. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasema kwa sauti ndogo kwamba mwandishi ameitwa bwana.

"Basi aliyeandika ni mkewe," mama alisema. "Yeye kaweka jina tu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba aliketi juu ya gunia, mikono kichwani.

Wakati huo wingu zito lilikuwa limetanda. Dereva alilitazama, akaitazama barabara ya udongo mweusi, ambao ukilowa lori halipiti, akamnong'oneza tajiri wake. Mnunuzi akapandisha bei mara moja, magunia yakashonwa bila kichuguu, lori likaondoka mbiombio. Mvua haikunyesha.

Mjomba alikesha akitueleza kwamba kilichotokea kimo kitabuni, sura ya tatu. Hakuna aliyemsikiliza. Mama alikuwa ameshakifunga kitabu kwenye khanga na kukipeleka kwa jirani, aliyekuwa anabishana na muuza samaki.