Tulipanda juu kumsomea jini, kumbe dari ndilo linaloshuka

Assalaam alaykum wakuu. Hili limenipata mwenyewe hapa Pemba, wallahi sitii chumvi. Wa kuniita muongo na aniite, ila asome mpaka chini kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu Chake Chake, mtaa wa maduka ya zamani. Zile nyumba za mawe na chokaa, duka chini, watu wanakaa juu, dari la boriti.

Mwenye nyumba wetu ni Bi Rukia, mtu mzima sana, miguu haimbebi. Anakaa juu peke yake. Babu yake ndiye aliyeijenga. Msimu wa karafuu hujaza magunia ukumbini kwake, kwengine hataki.

Msimu huu dari likaanza kulia.

Krrrr... kisha kimya. Mchana kweupe, kama mtu anaburuta kitanda juu ya kichwa changu. Nikamwita, "Bi Rukia, unahamisha nini huko?"

"Mie nimelala, mwanangu!"

Niliogopa wakuu, nisiwadanganye. Nikawa nakatia vitambaa nje barazani.

Jirani yangu Mzee Hamadi, muuza halua, akaniambia bila kupepesa macho, "Nyumba hiyo ina mwenyewe. Kaamka. Tumsomee." Hapa kwetu jambo kama hilo halina mjadala, mnatujua.

Ijumaa baada ya sala, wanaume wa mtaa mzima wakapanda. Wakajibana ukumbini bega kwa bega, katikati ya magunia. Shehe akaanza Yasini. Mimi nikabaki dukani kuandaa kahawa.

Unga mweupe ukanidondokea mkononi. Nikatazama juu. Ya Rabi! Boriti ya kati imepasuka, ufa unaingia kidole, na kila wakiyumba na kisomo unazidi kufunguka.

Jini gani tena? Ni uzito! Na sisi tumeupelekea mwengine.

Sasa ufanyeje? Kukatisha kisomo mtu unaogopa. Nikapanda ngazi, nikamnong'oneza Shehe. Akaninyooshea kiganja, nisubiri amalize. Hapo hapo sakafu ikazama kidogo chini ya miguu yangu.

Nikapiga ukelele, hata sijui ulitoka wapi. "Tokeni! Dari linaanguka!"

Wa kwanza kufika kwenye ngazi alikuwa Shehe mwenyewe. Simlaumu.

Wakatoka wote. Akabaki Bi Rukia chumbani, kashikilia kitanda. "Siondoki kwetu!" Sikubishana naye, nikamtia mgongoni. Alinipiga ngumi za kichwa njia nzima.

Tumevuka barabara tu, puuu! Vumbi likaufunika mtaa. Cherehani yangu, kanzu za watu, vyote chini ya mawe na magunia. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Funzo langu: kusoma tusome, lakini dari likilia mwite fundi wa nyumba kwanza. Tunafanya biashara kwenye majengo haya miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayetazama juu. Wenye maduka Wete na Mkoani, tazameni leo leo, mje mtuambie mmekuta nini.

Bi Rukia sasa yuko kwangu Tibirinzi. Uhai anao, alhamdulillahi. Lakini kila asubuhi akimaliza chai ananiuliza, "Mwanangu, ulinitoa kwetu uje uniweke wapi?"

Mwenye jibu aniandikie hapo chini.