Pilau Iliyoungua Idi Pili

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia mtu anakohoa na kusema “vumbi tu hili”, hunirudia. Ilikuwa Idi Pili, mwaka ule korona ilipoingia. Mie nilikuwa tayari mtu mzima, mama wa watoto wa kusomesha, lakini mbele ya mama mkwe mtu hubaki mwari siku zote.

Tulikuwa tunaishi Kinyerezi, nyumba moja na mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, na watoto wake wawili: shemeji yangu Salumu, aliyekuwa akiuza kwenye duka letu la mbele, na wifi yangu Rukia, aliyelala chumba kimoja na mama yake ili amsaidie usiku. Bi Mwanaidi alikuwa na pumu tangu utotoni. Sote tulijua kwamba maradhi yale yakiingia ndani, yataanzia kwake.

Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto walishachoka kuta, na sisi tulishachoka watoto. Tukasema basi, Idi Pili twende Kigamboni, wacheze mchangani mbali na watu, turudi mapema. Gari la kukodi likaja, watoto wamevaa nguo mpya na barakoa za kitenge, wanagombea dirisha. Rukia alikuwa jikoni anamalizia pilau. Wifi yangu huyo alikuwa na pua, mwanangu! Akipita uchochoroni anakwambia nani kazidisha bizari.

Mie nilikuwa uani nafunga vyombo niliposikia harufu ya kuungua. Kabla sijainuka, Bi Mwanaidi alishapita, barazani hadi jikoni, akikokota kandambili.

“Rukia, unapika au unafukuza mbu?”

“Bado maji kidogo, mama. Iko sawa.”

Moshi ulikuwa unatoka pembeni mwa mfuniko. Rukia alikuwa amesimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi. Bi Mwanaidi akachukua karafuu, akazivunja kiganjani, akamsogezea.

“Fumba macho. Unasikia nini?”

Rukia akavuta pumzi. Akavuta tena. Hakusikia harufu yoyote, na machozi yakamtoka.

“Tangu lini, mwanangu?”

“Juzi.”

“Na homa?”

“Usiku tu, mama. Nilisema watoto waende kwanza, wasikose Idi yao...”

Salumu alikuwa mlangoni amebeba kapu la vikombe. “Dada, umetumaliza!” akapiga kelele. “Unalala na mama chumba kimoja, unanyamaza! Kweli mficha maradhi kifo humuumbua!”

Nilidhani Bi Mwanaidi atamgeukia Rukia. Akamgeukia Salumu, na macho yake yakatupitia sote.

“Wewe nyamaza. Nani alimwita mwalimu Korona?”

Hapo tukainamisha vichwa. Mwalimu alikuwa jirani yetu, mtu wa Mbeya, mpole, mteja wa kila siku. Wiki chache nyuma alikohoa mbele ya duka, Salumu akamwambia, “Mwalimu, ishia hapohapo, chenji nitakurushia!” Watu wakacheka, Rukia akacheka kuliko wote, na jina la Korona likamganda. Watoto walimwimbia hadi njiani. Kwao ulikuwa mchezo, lakini mzaha mzaha hutunga usaha.

“Methali hiyo ya mficha maradhi mnaisema mkimnyooshea mgonjwa kidole,” Bi Mwanaidi akasema, na kifua chake kilianza kupiga filimbi kwa hasira. “Mie nawauliza wazima. Mtu atataje maradhi yake kwa watu gani? Nyie mnaocheka? Huyu kaona mlivyomfanya jirani, akaogopa kufanywa hivyohivyo kwao.”

Gari likarudishwa. Watoto walilia mpaka barakoa zikalowa, na ile pilau hakuna aliyeila.

Rukia akahamia chumba cha uani, chakula tunamwachia mlangoni. Salumu akatumwa kwa mwalimu kuomba radhi. Alisimama nje ya geti lake, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mwalimu akamsikiliza, akasema, “Mafua yalipona zamani, Salumu. Jina ndilo halijapona.” Kijana alirudi, na sikumsikia tena akimtania mgonjwa.

Ukaja wakati wa kusubiri, na kusubiri kule, mwanangu, sikuombei. Tulifukiza mwarobaini na mchaichai, tulinawa mpaka ngozi ikapauka, lakini masikio yalikuwa mlangoni kwa Bi Mwanaidi. Nilikuwa nikipita na ndoo nasimama, nasikiliza: hiyo ni pumu yake ya siku zote, au ni jambo jingine? Akinyamaza naogopa, akikohoa naogopa zaidi. Rukia naye, kutoka uani, kila asubuhi aliuliza swali moja tu: “Mama ameamkaje?”

Rukia alikuwa ameshaanza kupata nafuu, ndipo asubuhi moja Bi Mwanaidi akasimama kizingitini pake, ameshika fremu ya mlango.

“Sikilizeni wote,” akasema. “Kifua changu leo si kile ninachokijua. Ningeweza kukaa nacho hadi jioni. Nawaambia sasa, maana naona nyumba hii imeanza kuambilika.”

Hatukuulizana nani kamwambukiza nani. Salumu alikimbilia gari, mie nikamfunga Bi Mwanaidi kanga. Hospitali walimwekea oksijeni, na daktari akatuambia neno moja: “Mmemuwahisha.” Alirudi nyumbani akiwa mwembamba, sauti imeshuka, lakini alirudi, akaishi miaka mingine nasi.

Basi sikia, mwanangu. Maradhi mapya hayataisha duniani, na kila yakija yatakuja na utani wake. Usiwe mtani huyo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu wako akikohoa, usimuulize kwanza katoka wapi na kalala na nani. Muulize anajisikiaje, kisha mtenge kwa upendo, umpelekee uji mlangoni. Na wewe ukiumwa, sema mapema, kabla hujapanda gari na watoto wa watu. Safari ikiahirishwa hupangwa tena. Pumzi ya mama haipangwi.

Mola akupe afya na kifua chepesi, na nyumba yako aijaalie watu ambao mgonjwa haogopi kuwaambia.