Juni Ambayo Jua Lilirudi Dzaleka

Asubuhi za Juni huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, zilinukia moshi wa mabua ya mahindi na blanketi zisizokauka. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami, Furaha, nilikuwa msichana mdogo aliyefika karibuni kutoka Bukavu pamoja na Baba na Mama. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba Malawi kuna baridi. Upepo ulizunguka majengo ya gereza la zamani lililogeuzwa kambi yetu, ukaingia chini ya hema letu bila kubisha hodi. Mdogo wangu Amani alikuwa amefariki njiani kwa homa, na tangu tumzike, Mama hakutoka ndani ila kwa haja. Majirani Warundi walimletea uji. Alishukuru, akauweka kando.

Kilichomtisha zaidi ni jua. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Hapa giza liliwahi kuingia, na kila asubuhi jua lilichomoza mbali zaidi, upande wa kushoto wa kilima.

"Munaona?" alisema akichungulia mlangoni. "Hata jua iko natukimbia."

Baba, aliyekuwa amefundisha historia Bukavu, alichuchumaa kando yake. "Haikimbie, mama Furaha. Itafika fasi moja, itasimama, kisha itarudia. Batu ba zamani balijua. Bafugaji ba jangwa ya Misri balisimamisha majiwe kwa kuangalia fasi jua ya Juni inatokea."

"Na kama hairudie?"

"Basi tutaona sisi benyewe."

Kesho yake Baba alinitoa nje kabla ya mapambazuko. Nilisimama penye kigingi cha hema, naye akasogea mbele na kuweka jiwe pale nilipomwelekeza, sawasawa na jua lilipochomoza. Tulifanya hivyo kila asubuhi. Mawe yalisogea kushoto, kisha yakaanza kurundikana mahali pamoja. Hapo nikaogopa kweli: jua limesimama, na je, lisiporudi? Nilimwona Baba naye akikuna ndevu, maana mambo hayo aliyasoma tu vitabuni, na huko ndani Mama alikuwa anasikiliza kila tulichosema.

Siku zikapita. Kisha asubuhi moja nikajikuta namwambia Baba, "Hapana, kulia. Kulia tena kidogo!" Aliliweka jiwe, akanitazama, akacheka. Mama akatoka amejifunga blanketi, akanisogeza, akasimama mwenyewe penye kigingi.

"Njo inarudia kweli," alisema polepole. Kisha akamlilia Amani kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na Baba akamshikilia. Alipotulia aliomba uji, akaumaliza.

Baridi ilipoisha alikuwa akishona na akina mama wa kanisani. Baadaye alipata kibanda chake sokoni Chilinde, mjini Lilongwe, na cherehani yake ndiyo iliyonisomesha.

Leo naishi Area 47, mtaa wa Lilongwe, katika nyumba ya matofali yenye madirisha yanayofungika vizuri, na wanangu hawajui kulala na baridi. Nashukuru kwa hayo yote. Lakini mtu wangu wa karibu akizama katika huzuni, mimi hukimbilia simu kumtafutia ushauri, kisha naangalia saa kwa sababu kazi inanisubiri. Baba hakuwa na simu wala kazi. Alikuwa na asubuhi zake tu, na alimpa Mama zote.